Nira Kwanza, Mkokoteni Baadaye

Nyinyi vijana wa chuo cha ufundi mliokuja kwangu juzi na laptopu yenu, msidhani nimesahau. Mlinionyesha karakana iliyochorwa humo ndani, vidoti vyekundu vinatembea kutoka mashine hii kwenda ile, mkaniambia, "Bibi, hii inaitwa simulesheni. Unaijaribu kazi kabla hujaifanya." Kisha mkanikodolea macho mkisubiri nishangae. Nikawaambia kwamba sisi hapahapa Bariadi tuliichezesha karakana nzima kwa mashimo ya ardhini na vizibo vya soda, mkacheka mpaka mmoja wenu akamwaga chai kwenye mkeka wangu. Haya, leo kaeni. Chai mmeshakunywa, sasa mtanisikiliza.

Mimi ni Minza, na kazi yangu ilikuwa kupaka rangi mikokoteni ya ng'ombe. Niliianza nikiwa msichana, nikaiacha magoti yalipokataa kuchuchumaa. Ukikuta huko Zagayu au Ipililo mkokoteni mzee una ua jeupe ubavuni, ua la majani mawili, ujue umepita mikononi mwangu. Majani yalikuwa mawili kwa sababu la tatu kila nikilichora linafanana na sikio la mbuzi. Hakuna siri nyingine hapo, msije mkaandika kwamba ni alama ya ukoo.

Kabla sijafika kwenye vizibo, shikeni hili la rangi, maana mnalikosea hata leo. Usipake rangi kwenye ua mkavu wa karakana. Mwagia maji chini kwanza, vumbi lilale, ndipo ufungue kopo. Na brashi isilazwe juu ya kopo eti utarudi sasa hivi. Hurudi. Utaitwa, utapiga soga, utakuta brashi imekuwa fimbo. Niliharibu brashi nyingi za Mzee Jidayi kabla ya kulielewa hilo, naye hakuwa mtu wa kunong'ona.

Mzee Jidayi ndiye alikuwa mwenye karakana. Mtu wa sauti, jamani! Akikusalimia kutoka ng'ambo ya barabara, mbwa waliolala wanaamka. Lakini hakuwa na roho mbaya. Ulikuwa ukifiwa, yeye ndiye wa kwanza kufika na kuni. Karakana yake ilikuwa pale njia panda, kushoto unakwenda mnadani, kulia unashika njia ya Zagayu. Kumbukeni hiyo njia panda, tutairudia.

Wakati huo Simiyu haijawa mkoa, tulikuwa chini ya Shinyanga. Na soko huria ndiyo lilikuwa linaingia. Zamani pamba yote ilikwenda chama cha ushirika, mkulima anapewa karatasi, anasubiri. Rangi nayo ilikuwa ya duka moja, na ilikuwa rangi iliyopo. Mwaka mmoja ilikuwepo kijani, basi mikokoteni yote ya wilaya ilikuwa kijani, na hakuna aliyelalamika. Halafu wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, wanalipa papo hapo, lakini wanataka pamba ifikishwe barabarani. Kila mwenye shamba akaona bila mkokoteni ataachwa. Wakaja wote kwa mpigo, na safari hii kila mtu na rangi yake. Mmoja alitaka rangi ya lori lililonunua pamba yake. Nilitembea mpaka kwenye lori lenyewe nikalitazame.

Ungefikiri tulineemeka. Wapi! Ndiyo ilikuwa miaka ya kugombana.

Hadithi yenyewe basi ni ya ng'ombe wa mahari ya Masanja, na jinsi walivyoponea chupuchupu kugeuzwa mashine. Masanja alikuwa mtoto wa kiume wa Mzee Jidayi, na pia ndiye fundi wetu wa kuchomelea. Kijana mpole, mikono yenye makovu ya cheche. Dada yake alikuwa ameolewa Maswa, ng'ombe wakaingia zizini kwa Mzee. Nyinyi ni watoto wa hapa, mnajua kwetu ilivyo: ng'ombe wa dada ndio wanaomuolea kaka. Masanja alikuwa ameshampata binti wa Zagayu, Kabula, wazazi wamekubali, kilichobaki ni ng'ombe kutembea. Na kulikuwa na mtu wa Meatu naye anamtaka Kabula, ng'ombe wake tayari, anapita pale kwao kila mara kusalimia. Wazee wa Zagayu wakatuma neno kwamba mvua zisiwakute wakiwa bado wanasubiri.

Sasa sikilizeni tulivyokuwa tunafanya kazi. Mkokoteni unapita mikono mitano. Vyuma vinakatwa, vinachomelewa kuwa fremu, inafungwa ekseli na magurudumu, zinapigiliwa mbao za bodi, ndipo unafika kwangu kwa rangi. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nililipwa mkokoteni ukitoka, si ukianza, kwa hiyo nilikuwa naujua ule ua kuliko mtu yeyote, maana nilikuwa nakaa nao nikisubiri.

Mteja alikuwa haji peke yake. Anakuja na shemeji yake, na jirani mmoja wa kushuhudia. Wanasalimiana na Mzee, "Mwadila, mwadila," wanaulizana mvua, ng'ombe, watoto, wagonjwa. Wanaletewa uji. Wakishakunywa, Mzee anasimama, anaita kwa ile sauti yake, "Kata chuma cha mgeni!" Chuma kinakatwa palepale mbele yao. Mteja anakishika, anakipigapiga na kiganja, anasema, "Wabeja, asante, sasa mkokoteni wangu umezaliwa." Anakwenda zake ana raha.

Msiwacheke. Kwetu ahadi ambayo hujaishika kwa mkono ni upepo tu. Ukiahidiwa ng'ombe, unaonyeshwa, unamshika nundu, hapo ndipo amekuwa wako. Mzee Jidayi alikuwa anawaheshimu watu, basi. Kila aliyekuja, chuma chake kilikatwa siku hiyohiyo.

Matokeo yake, ua ulijaa mifupa. Mikokoteni imeanza, hakuna uliokwisha. Kuku walikuwa wanatagia ndani ya fremu. Mbuzi wa jirani alizalia chini ya mkokoteni wa mtu wa Migato, na mwenye mkokoteni alipokuja kuuliza kazi imefikia wapi, Mzee akamjibu, "Imezaa." Tulicheka, lakini mwenye mkokoteni hakucheka. Kila mteja aliyekuja kudai kwa hasira, chuma chake kilipandishwa juu ya vya wengine. Masanja anaacha fremu ya huyu nusu, anashika ya yule, umeme unakatika, ukirudi kuna mwingine amefika anapiga kelele. Kufikia jioni amegusa zote na hajamaliza hata moja.

Siku moja Mzee alisimama katikati ya ua, akaangalia, akatangaza: "Tatizo ni kuchomelea. Nanunua mashine ya pili. Ng'ombe si wapo?"

Kila mtu alijua ni ng'ombe gani.

Kwetu kijana habishani na baba yake juu ya ng'ombe, ng'ombe ni wa baba mpaka watakapotoka zizini. Masanja alikwenda nyuma ya banda akawa anapiga tupa kipande cha chuma kisicho na kazi. Nilimfuata.

"Dada Minza," akaniuliza, "eti mimi ni mzito wa kazi?"

Roho iliniuma, nawaambia kweli. Niliona mtu anayefanya kazi kuliko sisi wote anaanza kuamini kwamba yeye ndiye aliyejinyang'anya mke. Nikamwambia, "Wewe si mzito. Ila sijui uzito uko wapi." Na kweli nilikuwa sijui.

Mzee akaanza hata kutengeneza mahali pa mashine. Alimwaga sakafu ya saruji, ndogo, safi, kando ya ile ya zamani. Akapanga kuwapeleka ng'ombe mnadani mwezi utakaofuata.

Katikati ya hayo ndipo akaja Anitha. Alikuwa binti wa ofisi ya kusaidia viwanda vidogo, alitoka Shinyanga kwa basi, ana mkoba na bakuli za plastiki. Alitusalimia "Mwangaluka" wakati ni saa tisa alasiri, yaani alitupa habari za asubuhi jua likielekea kuzama. Lakini alipiga goti vizuri mbele ya Mzee, na hilo lilimfungulia mlango. Mzee akasema, "Mtoto ana adabu. Apewe kiti."

Anitha akasema hakuja kufundisha kuchomelea, maana hajui. Alitaka tuicheze karakana kwanza, tuone mashine ya pili italeta nini kabla haijanunuliwa. Akapanga bakuli zake chini, kila bakuli ni kazi moja, na maharage ndiyo mikokoteni. Tukaanza kusogeza maharage kutoka bakuli hadi bakuli. Mchezo wenyewe ulikwenda vizuri mno, maharage yanatembea kama maji, mikokoteni inatoka tu. Tukatazamana. Karakana hiyo haikuwa yetu.

Halafu akaingia jogoo wa jirani, akala mikokoteni mitatu iliyokuwa imeshafungwa magurudumu.

Mtu mwingine angekasirika. Anitha alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema neno ambalo mngeliandika juu ya hizo laptopu zenu. Alisema, "Maharage yangu hayana shida. Niambieni shida zenu, tuziingize." Binti yule alikuwa anajua kusikiliza.

Tukahamia bandani, kwenye mashimo ya isolo. Isolo ni bao letu, mafundi walikuwa wamelichimba ardhini wachezee saa ya chakula. Shimo moja tukalifanya la kukata, jingine la kuchomelea, na kuendelea hivyo mpaka langu la rangi. Kete za bao ndizo zikawa mikokoteni. Kila fundi akakaa kwenye shimo lake. Tukisema "siku", kila mtu anarusha kizibo cha soda. Kikilala na rangi juu, kazi imefanyika, unasogeza kete mbele. Kikilala kifudifudi, umeme umekatika au chuma hakijafika, kete inabaki. Tukaongeza na yetu: siku ya mnada hakuna kazi, msiba ukitokea mashimo yote yanalala, na mteja akija na shemeji, kete mpya inaingia shimo la kwanza hata kama yamejaa.

Tulichuchumaa pale watu wazima na ndevu zetu, tunarusha vizibo, tunapiga kelele. Akapita yule mtu wa Migato, mwenye mkokoteni ambao mbuzi alizalia chini yake. Alipotuona tumezunguka mashimo na binti mgeni katikati, alivua viatu, akakaa kwa heshima pembeni. Tulipopumzika akamsogelea Anitha akamwomba kwa sauti ya chini amwangalizie ndama wake aliyepotea, ameelekea upande gani. Alidhani tunapiga ramli! Anitha akamjibu kwamba vizibo hivi vinaona mikokoteni tu. Yule baba akasikitika kweli, akavaa viatu.

Basi, mchezo wa kwanza tukaucheza kama tulivyokuwa tunafanya kazi kweli. Haukupita muda, kete zikarundikana kwenye shimo la Masanja mpaka zikawa zinamwagika. Kwangu mimi hakuna kitu.

"Si niliwaambia!" Mzee akanguruma. "Kuchomelea! Mnaona wenyewe!"

Masanja aliinamisha kichwa. Nilitamani ule mchezo uishe.

Anitha hakubisha. Alisema, "Basi Mzee, umeshanunua mashine. Ichimbieni shimo."

Na nani alichimba? Masanja. Baba yake alimpa patasi, akachimba shimo la pili la kuchomelea kwa mkono wake mwenyewe, polepole, akalisawazisha kingo vizuri. Kila mmoja wetu aliona ni nini kinachochimbwa pale.

Tukacheza. Kete zikatoka kwa Masanja haraka kweli, zikaenda zote kurundikana kwenye magurudumu. Umeme ukikatika, mashimo yote mawili yanalala, maana umeme ni uleule mmoja. Wateja wanaendelea kuingia na mashemeji zao. Tulipohesabu mikokoteni iliyotoka, ilikuwa karibu sawa na mwanzo. Tulichobadilisha ni mahali pa kurundika.

"Mchezo una kasoro," akasema Mzee. "Rudieni."

Tukarudia, ikawa vilevile. Akasema sisi hatujui kurusha, akachukua vizibo vyote akawa anarusha yeye, kwa nguvu, kimoja kikaingia kwenye kopo langu la rangi. Ikawa vilevile. Alikishika kile kizibo chenye rangi akakitazama kwa hasira kama kimemtukania mama.

Ndipo Anitha akasema tujaribu jambo moja. Mashimo yabaki kama yalivyo, shimo la kuchomelea liwe moja, vizibo vilevile. Ila hakuna kete mpya kuingia mpaka moja itoke kwa Minza. Nikauliza, "Kwa hiyo mimi wa mwisho ndiye ninayeita?" Akasema ndiyo, wewe ndiye unayeita.

Jamani. Mwanzoni mashimo yalionekana matupu, mpaka mkata vyuma akawa anaona aibu kukaa bure. Lakini kila kete iliyoingia ilipita. Masanja akishika moja, anaimaliza, inakwenda. Umeme ukikatika inasubiri moja, si lundo. Zikawa zinanifikia, moja, nyingine, nyingine tena. Mikokoteni ikatoka mingi kuliko mara zote, na mashine ni ileile. Masanja aliinua uso, akaniangalia. Sijui kama nimewahi kuona mtu ananitazama hivyo kwa sababu ya kete za bao.

Mzee akatikisa kichwa.

"Kwenye bao sawa. Kete haina shemeji. Mtu ametoka Ipililo, ametembea na watu wake, amekunywa uji wangu, nimwambie chuma chako sikigusi mpaka wa mbele atoke? Atakunywa uji huohuo akaenda kutengenezewa Maswa. Na atanisema njia nzima."

Alikuwa na haki. Hata Anitha akabaki kuandika hewani kwa kidole. Jua lilikuwa linaondoka, na mtu yeyote angeweza kuona kwamba mambo yanarudi kulekule mnadani. Nikaona hapana. Nikajifunga kanga kichwani kama kilemba cha mwanamume, nikachukua fimbo, nikatoka nje, nikaingia tena nikichechemea.

"Mwadila, Jidayi!" nikasema kwa sauti nene. "Mimi mtu wa Ipililo. Huyu shemeji yangu." Shemeji alikuwa ndoo ya bati.

Watu wakaangua kicheko. Mzee naye, alivyokuwa anapenda mzaha, akaingia. "Mwadila, mgeni. Za Ipililo?"

"Mhola. Mvua hakuna. Nimekuja kutaka mkokoteni. Kata chuma nione."

"Mkokoteni wako utaanza wa mbele yako akitoka."

"Ala! Kwa hiyo nirudi mikono mitupu? Mke wangu akiniuliza mkokoteni uko wapi, nimwambie uko kinywani mwa Jidayi?"

"Mwambie unakuja."

"Unakuja ndiyo nini? Shemeji, umesikia?" Nikaitikisa ndoo. "Tumedharauliwa. Twende Maswa. Huko wanakata chuma mbele ya macho, na uji wao una sukari!"

Hapo nilimgusa. Mzee alisahau kabisa kwamba mimi ni Minza. Alisimama, mishipa ya shingo imemtoka, akavuta nira iliyokuwa imeegemea ukuta, akanitupia miguuni.

"Hebu chukua nira hii! Nenda nayo kwako! Wafunge ng'ombe wako uwafundishe, maana najua hawajui hata kusimama pamoja! Wakijua kuvuta, njoo uchukue mkokoteni wako!"

Nira iligonga ardhi. Kicheko kikakatika. Mimi niliinama nikaiokota, nikaiweka begani, na huku bado nimo kwenye mchezo nikasikia kinywa changu kinasema, "Wabeja. Sasa nina kitu cha kumwonyesha mke wangu."

Tukatazamana wote. Masanja ndiye aliyesema, na lilikuwa neno lake la kwanza siku ile nzima: "Baba, nira ni mti. Haihitaji umeme."

"Nani amekuuliza wewe?" Mzee akafoka. Lakini alikuwa ameshaigeukia ile nira begani mwangu, anaipima kwa macho.

Msidhani aliafiki palepale. Alisema atajaribu mpaka siku ile ya mnada aliyoipanga. Ua ukiwa bado una mifupa, ng'ombe wanakwenda, na habari ya Zagayu asiisikie tena. Anitha akapanda basi akarudi zake, akatuachia bakuli zake za maharage, nikazifanya za kuchanganyia rangi.

Tukaanza. Kwanza tulimaliza yale mafremu ya zamani, moja baada ya jingine, aliyetangulia kuja ndiye wa kwanza. Mteja mpya akija anakunywa uji wake kama kawaida, kisha Mzee anaita, "Leta nira ya mgeni!" Mteja anaijaribu begani, shemeji anaisifu, wanaondoka nayo. Mmoja aliikataa, akasema yeye hakuja kununua kuni. Wengine wote waliipokea.

Na kulikuwa na faida ambayo bao halikutuonyesha. Zamani mtu alipata mkokoteni leo, kesho anafunga ng'ombe wasiofundishwa, wanauangusha mtaroni, unarudishwa kwetu umepinda. Masanja alikuwa anapoteza siku nzima kunyoosha. Sasa mkokoteni ukitoka unawakuta ng'ombe wamekaa mwezi mzima na nira, wanajua kazi. Ile ya kupinda ikapungua, tukashangaa wenyewe. Ndiyo maana nawaambia mchezo ni mchezo, uchezeni, lakini siku ya kazi halisi tembeeni uani muangalie pia.

Asubuhi moja niliikuta fremu mpya imefichwa nyuma ya banda, imefunikwa gunia. Mzee alikuwa amemkatia rafiki yake chuma kwa siri, ameshindwa kumnyima. Nilimwita palepale. "Mzee, hii kete imeingilia wapi?" Alijikuna kichwa. "Minza, yule tumechunga ng'ombe pamoja." Nikamwambia, "Hata mngezaliwa tumbo moja. Apewe nira." Akanung'unika kutwa, lakini rafiki alipewa nira. Mnaona, hakuna kompyuta itakayowakamata wakubwa wenu wakificha fremu chini ya gunia. Hilo litabaki lenu.

Siku zikasogea. Ua ukaanza kuonekana ardhi. Kuku wakakosa pa kutagia. Mimi nilikuwa napaka mpaka mkono unakufa ganzi, na nilikuwa nafurahi. Lakini Mzee hakusema neno lolote juu ya ng'ombe. Ile sakafu ya saruji ilikuwepo palepale, imefagiliwa, inasubiri. Mtu wa Meatu alikuwa ameshalala Zagayu mara nyingine, tukasikia. Masanja alikonda. Nilimwambia amuulize baba yake, akasema, "Dada, nitamuulizaje?" Na kweli, angemuulizaje.

Siku ya mnada ikafika. Niliamkia karakanani mapema. Jua lilipopanda kidogo nikaona vumbi, ng'ombe wanakuja. Mbele alikuwa Mzee Jidayi, amevaa koti lake la kanisani. Nyuma alikuwa Masanja anawaswaga na fimbo, uso umekauka. Baba yake alikuwa amemgongea alfajiri akamwambia neno moja tu, toa ng'ombe. Walipita mbele yangu. Nilishika brashi nikawa sipaki popote.

Wakafika njia panda. Ng'ombe wa mbele, ambao wanaijua njia ya mnadani, wakaanza kukata kushoto wenyewe. Mzee aliwazuia kwa fimbo yake, akawasukuma kichwa, akawageuza kulia.

Masanja akasimama. "Baba," akasema, "mnadani ni huku."

Mzee aligeuka akamtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Na wewe unanifuata unakwenda wapi? Tangu lini mwoaji akaswaga ng'ombe wa mahari yake mwenyewe? Unataka watu wa Zagayu wanicheke? Rudi kazini! Baba zako wadogo wananisubiri pale mbele."

Fimbo ilimponyoka Masanja. Alirudi karakanani anakimbia, akapita mbele yangu bila kuniona, akavaa miwani yake ya kazi akawasha mashine. Nadhani aliivaa ili nisimwone macho. Mimi yangu sikuyaficha, nililia palepale na brashi mkononi.

Fremu aliyochomelea asubuhi ile ilitoka kombo, mguu mmoja unatazama Maswa, mwingine Bariadi. Tuliikata yote tukaanza upya, na katika miaka yangu yote ya kazi hiyo ndiyo hasara pekee niliyoishangilia.